Vifungo

Misimu kumi na moja ya hoki, magoli manne.
La nne lilimdunda mgongoni likaingia;
Lorne Hrynkiw mwenyewe hakuliona.

Kocha hakuhitaji kumwita. Alimgusa bega tu,
naye akaruka ubao, akavua glavu,
akazitupa barafuni kama mtu aliyefika kwake.
Ukumbi mzima wa Yorkton ukasimama.
Kisha kizimbani, dakika tano,
taulo mdomoni, akihesabu meno kwa ulimi.

Mama yake hakuja kumtazama hata siku moja.
Alimsikiliza redioni, akiizima
kila mtangazaji alipopandisha sauti.

Leo wanamzika. Theluji imefika madirishani.
Lorne yuko chumba cha nyuma kanisani,
vidole mafundo matupu,
kifungo cha shingo kinamkimbia.

Mlango ukafunguka: Réjean Thibodeau,
aliyemvunja taya mwaka tisini na mbili,
ametoka Chicoutimi kwa gari, siku tatu njiani.
Hakusema pole. Alisogea, akainua mikono
(Lorne akakunja ngumi, mwili haujasahau)
akaushika ule ukosi.

Navyo vidole vyake vilikuwa magogo.
Wakahangaika, paji kwa paji, wakihema
kama zamani,
na hakuna refa wa kuwaachanisha.