Hamira ya Baridi

Pakiti mbili mezani, na kifurushi cha jani,
na kipimajoto nilichopewa siku maabara ilipofungwa.
Nje, Lanet inapepeta vumbi lake la Januari.
Jua limekalia bega la Menengai tangu saa mbili
na mabati yameanza kulalama.

Nataka bia nyeusi. Si nyeusi ya masizi,
si ile ya kukwaruza koo kama ukoko ulioungua.
Nyeusi ya ganda la mkate,
ambayo ukiinua glasi dirishani
unaona wekundu kidogo chini kabisa,
kaa lililofunikwa jivu usiku.

Shayiri ninayo, ya Mau Narok.
Nimeiotesha kwenye gunia bichi, nimeikausha,
na konzi chache nimezikaanga hadi jirani akauliza
nani anachoma njugu bila kukaribisha watu.
Maji ninayo, ya mvua,
maana ya kisima huku hutia meno rangi.
Imebaki hamira tu.
"Tu"! Herufi mbili
zilizokula usingizi wangu wiki nzima.

Ya kwanza ni ya haraka. Hupenda joto,
hupanda juu, hufura, hutoa povu kwa fujo,
siku ya nne imekwisha kazi na kuondoka,
ikiacha harufu ya ndizi mbivu
kama mgeni aliyejimwagia marashi.
Ni nzuri. Si ya kazi hii.

Ya pili ni chachu ya shangazi Kageha wa Mbale,
aliyoikwangua ndani ya chungu cha busaa,
akaifunga jani la mgomba, akampa fundi wa redio
anayekuja Nakuru kununua vipuri.
"Hii inanijua," aliniambia kwenye simu.
"Ilimjua na mama yangu."
Inanuka wimbi na moshi, na vikao vya mahari
vilivyokwisha kwa kicheko.
Nikiitia humu itaimba wimbo wake,
na wimbo wake naupenda,
ila safari hii natafuta kimya.

Ya tatu hufanya kazi chini, gizani,
kwenye digrii kumi,
taratibu, kama mtu anayeandika wasia.
Haijisifu. Humwachia kimea aseme.
Lakini ukiitia joto hununa,
hukuletea matunda ambayo hukupanda.
Na sebule yangu, saa nane mchana,
ni digrii ishirini na saba.

Kwa hiyo nilichagua hamira
kisha nikaenda kuitafutia nyumba.
Molo, ghala la viazi la Bi Tapkigen,
ukuta wa mawe, sakafu ya udongo,
mahali ambapo maji hung'ata vidole hata kiangazi.
Nilimwaga pakiti mbili badala ya moja:
kwenye baridi, wachache hufa kwa uchache wao.
Nikafunika. Nikarudi nyumbani mikono mitupu
kama mtu aliyempeleka mtoto bweni.

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili nilikwenda kufunua, nikafunika,
nikafunua.
Nikampigia shangazi.
"Haijafura?"
"Bado."
"Umeichungulia mara ngapi?"
"Nne."
"Basi aliyechacha ni wewe.
Iache pombe."

Usiku wa tatu simu ya Molo ikalia.
"Ndoo yako inaongea na viazi vyangu."
"Inasemaje?"
Bi Tapkigen akasogeza simu karibu.
Nikasikia ghala, pumzi yake mwenyewe, mbwa wa mbali,
halafu *bluk*,
halafu muda mrefu sana
ambao sikuthubutu hata kukohoa,
halafu *bluk*.

Wiki sita bado.
Jani la mgomba liko mezani.
Nimelinyunyizia maji lisikauke,
na kesho asubuhi nitakwenda sokoni
kuulizia bei ya wimbi.