Sababu ya Safari

Mwalimu Somalatha alinifundisha logi
mwaka ule chaki ilipokuwa ya kugawana vipande.
Leo ananifundisha kuvua viatu.

"Simama hapa, Aminieli. Panatosha."
Ni msitu wa Rau, alfajiri ya mwezi mpevu.
Pikapu nimeiegesha kando ya mfereji wa mpunga,
nyuma magunia mawili ya pumba,
mbele yeye, sari nyeupe,
amepakata chupa ya chai iliyojaa maji matupu
kama apelekaye mtoto kliniki.

Kwao, Anuradhapura, kuna mti.
Ulianza kwa tawi la mti mwingine, wa ng'ambo,
ambao chini yake mtu mmoja aliketi
akakataa kuinuka kabla hajaelewa.
Miaka arobaini Mwalimu aliweka nauli ya kwenda.
Nauli ikawa ada ya mtoto wa jirani,
ikawa mabati,
ikawa goti la kushoto pale KCMC.
La kulia likagoma lenyewe, bure.

"Mkuyu na mti wetu ni ukoo mmoja," anasema.
"Ndugu hushikiana zamu."

Basi tunazunguka, mti ukiwa kuliani.
Mimi mzee wa usharika, sijui mikono niiweke wapi:
mfukoni ni utovu wa adabu,
kifuani ni kukiri.
Namshikia ndala zake. Afadhali, mikono imepata kazi.

Mzunguko wa pili, siafu.
Yeye anainua mguu, anamchomoa mmoja,
anamweka juu ya jani: "Pole, mwanangu."
Anamchomoa mwingine. "Pole."
Mimi nimeshaua kumi na moja.
Najua idadi; ni yeye aliyenifundisha kuhesabu.

Nikamkumbuka bibi, kule Mbokomu,
siku wanawe wawili waliposhikiana mapanga
kwa ajili ya mpaka wa kihamba.
Alikata jani la sale, akalifunga fundo,
akasimama nalo katikati yao.
Sikumbuki kama alisali.
Nakumbuka mapanga yalivyorudi kukata majani ya ng'ombe.

Mzunguko wa tatu, mlinzi wa msitu.
"Mna kibali? Mnafanya nini?"
"Tunamwagilia mti," anajibu Mwalimu.
Mlinzi anautazama mkuyu, juu, juu zaidi,
anaitazama chupa ya chai.
Anatoa kitabu cha stakabadhi.
Watu wawili. Sababu ya safari:
utalii, utafiti, kuni, mengineyo.
"Andika hija," anasema Mwalimu.
Kalamu inatafuta hija, haioni kisanduku chake.
Anatia tiki penye mengineyo.

Maji yakamwagwa, kidogo kidogo, mzizi hadi mzizi.
Ardhi ya Rau, isiyojua kiu,
iliyapokea kama mgeni aliyeshiba
apokeavyo sahani ya pili.

Kurudi, mlima umejifunika mawingu.
Mwalimu amelala, chupa tupu mapajani, mdomo wazi.
Tukikaribia Majengo, kitu kinanichoma ndani ya soksi.

Nikasimamisha gari. Nikakunja suruali.
Nikamchomoa kwa vidole viwili, akihangaika,
nikabaki nimemshika kando ya lami,
malori yakipita,
nisijue nimweke wapi,
mbali hivi na watu wake.