Kungoja Kuagwa

Saa nane usiku, Arua. Jenereta ya jirani imekohoa ikanyamaza.
Nimebaki na betri ya sola
na seva ya chama cha wakulima wa simsim,
iliyokwama kama mfupa kooni.

Nahesabu: miunganisho mia tatu kumi na miwili
iko wazi, na hakuna anayesema.
Mizani ya Vurra ilishatuma kilo zake tangu alasiri,
ya Ajia pia; wapimaji wamelala fofofo,
lakini huku kila mlango umeshikwa na mkono nisiouona.

Nimeifukua ile maktaba ya msimbo mstari kwa mstari,
macho yakiwasha,
nikaikuta adabu yake:
waliosemezana kwa siri, wakabadilishana funguo,
hawaachani hivi hivi. Mmoja aage,
mwenzake aitikie, ndipo njia ikatwe.
Vizuri. Ila mtandao wa Vurra huanguka katikati ya neno.
Mizani inazimika kabla ya kuaga,
na seva yangu imesimama kizingitini
kama mwenyeji aliyetoka kusindikiza mgeni asiyemwona,
ikingoja "haya, kwaheri"
dakika ishirini, saa, hadi kuche.
Anayebisha sasa hodi
hana wa kumfungulia.

Naandika mistari minne.
Ngoja sekunde tano, basi, kisha funga.
Aliyeondoka ameondoka.
Idadi inashuka: mia mbili, sitini, tisa.
Andama, aliyejilaza juu ya magunia,
anauliza bila kufumbua macho: "Imekubali?"
Imekubali.

Alfajiri mama anapiga kutoka Maracha.
Nimekula? Mbuzi amezaa, jino bado linamsumbua.
Anasema haya Bileru, haya, haya,
kisha anaichomeka simu kwenye mkunjo wa kitenge
wala habonyezi chochote. Hajawahi kubonyeza.

Nasikia kuku. Nasikia mchi ukianza polepole.
Nasikia akimgombeza mtu kuhusu ndoo,
ndoo ya bluu, si ile nyingine,
halafu hatua zake, halafu kitambaa kikisugua kitambaa.
Sekunde tano zimepita zamani.
Salio linaloliwa ni lake, na mimi nakijua
kitufe chekundu kilipo.

Naiweka simu mezani, sauti juu,
naenda kupiga mswaki.