Hesabu ya Mvua ya Mawe

Mimi ni mtu wa bima. Nahesabu
punje zilizopasuka, kichala baada ya kichala,
kwenye vilima vya mizabibu mashariki mwa Slovenia,
kisha naandika asilimia.
Asubuhi ile barafu ilikuwa ingali imelala mitaroni,
kubwa kama mayai ya kwale.
Majani, matambara.
Kuku mmoja amekufa kizingitini mwa kanisa
na watu wanamruka.

Neža, mpiga kengele, ana miaka sabini na minne
na viganja vilivyochunwa na kamba.
Sikumuuliza kitu. Alianza mwenyewe:
"Nilichelewa. Nilikuwa natafuta miwani.
Dakika nne tu, wingu likawa limeshavuka mto.
Kengele haina kosa."
Nikamkumbusha mwaka juzi,
alipowahi, akapiga hadi mabega yakalegea,
na mawe yakashuka vilevile.
"Mwaka juzi!" Alinitazama kama mtoto asiyejua kujumlisha.
"Mwaka juzi yangeondoka na mapaa.
Huoni mapaa yalibaki?"

Niliyaona. Yalibaki.

Bogomir alinipokea kwa kicheko:
"Umetoka kwa bibi wa kengele? Karne hii!"
Yeye ana mzinga wa gesi, domo la chuma limeachamia mbingu,
unaolipua hewa kila sekunde saba
na kulipiwa mkopo kila tarehe tano.
Ana kijitabu cha kiwandani,
na mchoro wa mawimbi wa rangi tatu.
Shambani kwake sikupata kichala kizima.
"Gesi iliingia unyevu," akasema.
"Halafu lile wingu si la huku. Waaustria wamelifyatulia,
likatujia na hasira zake."
Akasogea, akashusha sauti:
"Na ile kengele, bwana. Inavuruga mawimbi."

Niliporudi kanisani kufuata sahihi ya paroko,
Neža naye alikuwa na lake la kuninong'oneza:
mzinga ule unamuudhi mtakatifu wetu.
Nikasimama barabarani na kalamu yangu.
Sijapata kuona mtu anayeamini nguvu ya kifaa cha jirani
kuliko hawa wawili.

Msidhani nawacheka.
Ofisini Maribor nina jedwali la miaka kumi na miwili,
na mstari wangu unapanda vizuri, mnyoofu,
ukiuondoa mwaka wa sita.
Nimeuondoa. Haukuwa mwaka wa kawaida,
nimeandika hivyo chini, kwa herufi ndogo,
na hakuna aliyeuliza mwaka wa kawaida hufananaje.
Mwamba ngoma huvutia kwake;
ngozi yangu mimi ni karatasi.

Na kuna lile jingine, ambalo halina jedwali.
Mama alipozidiwa, hospitali ya karibu ilikuwa dakika ishirini.
Nilimpitisha, nikampeleka kwenye ile kubwa, ya mbali,
yenye mashine na daktari niliyemsoma gazetini.
Alifia njiani, kiti cha nyuma, karibu na kiwanda cha matofali.
Watu wakiniuliza husema:
angeteseka zaidi.
Huoni alikwenda akiwa usingizini?

Alikuwa usingizini. Hilo ni kweli.

Jioni upande wa magharibi ukawa na rangi ya jeraha bichi.
Huko juu nikasikia Bogomir akifungua gesi, akitukana koki.
Nilikuwa nimeshawasha gari.
Neža akatoka sakristia, viganja vimefungwa vitambaa,
akagonga kioo kwa kiwiko.
"Njoo ushike. Mikono yangu haiwezi."

Nikazima gari.
Kamba ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na yenye joto.
Nikavuta, mnara mzima ukajibu,
nikavuta tena,
huku nikijiambia kwamba ni kwa ajili ya mikono yake,
mikono yake tu,
na kwamba kuanzia sasa ni lazima tusichelewe.