Kibano cha Mama

Kilining'inia shingoni mwake katikati ya shanga,
kipande cha waya alichofuliwa na mhunzi wa Kotido
kwa malipo ya kuku mmoja.
Wageni walidhani ni pambo.

Kila baada ya siku nne, tano, alikaa mlangoni,
uso kwenye jua. Napeyok, njoo uning'oe.
Nami, miaka tisa, vidole vyembamba,
nilizisaka nywele za kope zilizogeukia ndani
kama ng'ombe wanaorudi zizini kabla ya saa.
Moja. Nyingine. Ile fupi, mbaya kuliko zote,
ngumu kama kisiki cha mtama baada ya mavuno.
Hakulia. Machozi yalitoka hata hivyo,
usiku na mchana, bila kumwomba ruhusa.

Watu walikuwa na majibu yao.
Moshi wa jikoni. Vumbi la kiangazi.
Shangazi alisema ni kijicho cha mke mwenza;
akachinjiwa mbuzi, akala, akaondoka.
Ng'oa ukope, unaota tena, mkali zaidi:
hilo nililijua kwa vidole, si kwa kitabu.

Miaka ikapita. Lokeris akaja na pikipiki ya zahanati,
kijana wa hapa hapa, tochi mkononi.
Hakuanza na mama. Alianza na mimi,
na Aleper wangu mgongoni, nzi sita usoni mwake
(nilikuwa nimezoea kutowahesabu).
Akaigeuza kope yangu
kama mtu apinduaye mfuko kutafuta sarafu.
Una punje humu, akasema, kama za ulezi.
Akamgeuza mtoto: punje zile zile, changa.
Akamgeuza mama, akanyamaza kidogo.
Hapana punje. Makovu, mistari myeupe,
kope imejikunja kwa ndani
kama ngozi ya mbuzi iliyoachwa juani bila kuwambwa.

Ugonjwa ni mmoja, akasema. Umekaa marika matatu.
Vikope.
Kijidudu kisichoonekana,
kinachosafiri kwa mguu wa nzi, kwa kidole,
kwa shuka.

Akaitazama shuka yangu.
Niliyomfutia mama machozi,
nikamfutia mtoto tongo,
nikajifuta mwenyewe,
kwa upendo, kwa pindo lile lile.

Walimpima Aleper kwa fimbo yenye alama, si kwa mizani,
wakammiminia dawa tamu kadiri ya kimo chake.
Mimi nikameza vidonge. Na maji, akasema Lokeris,
uso wa mtoto uoshwe kila siku.
Nikamcheka. Jerikeni moja, mwendo wa asubuhi nzima,
mbuzi wana kiu, nawe unataka nimwage usoni?
Akachota viganja viwili,
akamnawisha mwanangu mbele yangu, akanionyesha jerikeni:
haikuwa imepungua hata kidole.
Nilimchukia kwa hilo siku mbili.

Moroto, mama alilala chali kitandani.
Sindano ya ganzi, kisu kidogo,
kope ikakatwa, ikageuzwa kutazama nje, ikashonwa.
Kabla ya hapo aliuliza: Nitaona?
Muuguzi hakumdanganya.
Kioo cha jicho la kulia kimeshachubuka mno, mama.
Hilo halirudi. La kushoto tutalilinda.
Tunachoweza ni kuzuia kuchomwa.
Mama akasema: Basi zuia.

Nyuzi zilitolewa siku ya nane.
Siku ya tisa akakaa mlangoni, uso kwenye jua,
nami nikasubiri kuitwa.
Vidole vyangu havikujua pa kwenda.

Kibano hakukitupa. Anang'olea miiba kwato za mbuzi,
na akimaliza anakipangusa, anakirudisha kwenye shanga.
Jana Aleper alipita mbio akikwepa kibuyu cha maji.
Mama akamdaka mkono, akamsogeza upande wa kushoto,
akamtazama kwa muda.
Wawili, akasema. Mnawishe.