Kabla Hujaondoka Nalo

Hela nimehesabu, zimetimia, kadi unayo mfukoni,
lakini subiri kidogo, Chilumba.
Njoo huku mbele tufungue boneti.
Pana komeo hapo chini: ingiza vidole viwili,
lisukume kushoto.
Linakwama? Kwangu halikwami.

Anza na oili, na uanze alfajiri,
injini ikiwa baridi kama mtungi,
gari limesimama sawa,
siyo tairi moja juu ya mzizi wa mkorosho.
Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena.
Mara ya kwanza huwa kinadanganya.
Ikisimama kati ya alama mbili, mshukuru Mungu, endelea.
Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa
usiwashe.
Hata kama bibi harusi yumo ndani, usiwashe.

Kitambaa cha kufutia nakuachia.
Kilikuwa kanga ya Somoe. Aliitafuta wiki nzima
na mimi nikamsaidia kuitafuta.
Maandishi yaliyobaki ni NILIJUA UTA
na uta nini, usiniulize.
Kipande cha pili alikuja kukiona mwenyewe
nikikifunga kwenye mpira wa rejeta uliopasuka,
usiku, kilometa arobaini kabla ya Liwale.
Hakusema kitu.
Alishika tochi.

Rejeta yenyewe: kifuniko hakiguswi kikiwa cha moto.
Tazama mkono huu. Mangaka, mwaka wa mvua nyingi,
nilikuwa na haraka ya kwenda mahali
ambapo sasa sipakumbuki.

Mkanda wa feni ubonyeze kwa dole gumba.
Ukizama kuliko pingili moja, kaza.
Ila ukifika mtoni na maji yamefunika ringi
ulegeze, feni isijikunje ikaitafuna rejeta.
Watu watakwambia gari lina mkonga, ingia tu.
Mkonga unavuta pumzi juu, kweli,
lakini huku chini kila kitu kinakunywa.

Filta ya hewa. Ukitoka Newala itakuwa nyekundu
kama umeizika ukaifukua.
Usiifue! Ni karatasi hiyo.
Igonge taratibu kwenye paja, hivi,
kama unambembeleza mtoto acheue.

Betri: ule unga mweupe kwenye vichwa vyake
uondoe kwa maji ya moto, upake grisi.
Halafu chungulia nyuma yake, msimu wa korosho hasa.
Panya mmoja alizalia pale, watoto sita,
kitanda chao nusu ilikuwa risiti zangu za dizeli.
Siku mbili sikwenda kazini.
Ofisini nilisema betri imekufa.

Kikopo hiki breki, hiki klachi.
Kikipungua, usijaze tu ukaenda zako;
jiulize kimepungulia wapi,
lala chini, mulika, tafuta unyevu.
Kitu hakipotei, Chilumba, kinahama.

Naona unatazama saa.
Haki yako, Liwale ni mbali na Nachingwea kuna tope.
Yote haya ni dakika kumi.
Mimi nilitumia nusu saa, kila asubuhi, miaka kumi na tisa,
hapa hapa Mkuti, majirani wakipita na ndoo,
na zile dakika ishirini za ziada
sijui nilikuwa nafanya nini.
Nilikuwa nimeinama tu.
Kuna joto la jana hubaki kwenye chuma,
dogo, la kutosha viganja viwili.

Basi. Washa.
Unasikia? Huo mlio wa kwanza, kama mtu anayekohoa
kabla ya kubisha hodi,
si ugonjwa. Ni tabia.

Hapana, shuka kwanza.
Boneti niachie mimi niifunge.
Haigongwi. Unaishusha mpaka hapa, kimo cha kiganja,
unaiachia.
Yenyewe inajua.