Namba ya Mahfudh

Kizuri chajiuza, alisema mama,
nami nikakaa nikingoja kizuri kijiuze
hapa Ibra, kichochoro cha nyuma ya duka la gesi,
mlango wa kijani usio na bango,
ndani mimi, bisibisi, kopo la mafuta,
na cherehani za watu zimelala ubavu kama wagonjwa.

Jumatano kazi ilikuwepo.
Wanawake hushuka sokoni kwao, soko asiloingia mwanamume,
na mmoja humwambia mwenziwe: pale kwa Rayya,
pita duka la gesi, ukisikia mbwa ujue umepitiliza.
Hiyo ndiyo anwani yangu. Ilinilisha miaka kumi na tisa.
Kisha yule mbwa akafa.

Shumsa, binti wa kaka, akaja na simu yake.
"Shangazi, nakuandikisha. Siku hizi watu
hawaulizi mtu, wanauliza kioo."
Fomu ikataka namba ya njia, namba ya jengo.
Ikataka aina ya biashara, tuchague:
saluni, mgahawa, ufundi wa magari.
Cherehani haimo. Tukajitia vyombo vya nyumbani,
pamoja na mafriji.

Kumbe tayari nimo. Mara tatu.
Raya, Ibra.
Rayah, Ibra, pini imechomekwa katikati ya wadi,
mahali ambapo mvua ikinyesha hata mbuzi hapiti.
Na Mahfudh na Dada, Ufundi Cherehani,
nyota nne na nusu.
Zote tatu namba moja, ya kaka.
Shumsa akanyamaza kidogo, akafuta kioo kwa ncha ya shela.

Jina moja, akasema, anwani moja, namba moja,
kila mahali vilevile, herufi kwa herufi;
mtandao haumwamini mtu wa majina matatu.
Nikacheka. Nilizaliwa Bujumbura, shuleni nikaitwa Raya,
pasipoti ikaniongezea y,
na majirani wa hapa, siku ya kwanza walipotusikia
tunagombana kwa Kiswahili na fundi wa bomba,
walitupa jina la nne, ambalo fomuni sikulitia.

Kurekebisha kunataka tarakimu sita,
na tarakimu hutumwa kwa namba iliyoandikwa.
Mahfudh ana mwaka wa tatu makaburini.
Namba yake ningali naijua kwa kidole.
Nikapiga.

Akapokea mtu, Kiarabu cha kuungaunga.
Anaitwa Biju, anauza majani ya ngamia huko Sur,
laini aliinunua dukani kwa bei ya ofa.
"Wewe ndiye wa mashine?" akauliza.
"Mama, watu wananipigia! Mkanda umekatika,
sindano inaruka uzi. Mwanzo nilikuwa nawakatia.
Sasa nawaambia, tieni mafuta kwanza,
ikikataa nendeni Ibra.
Wengine wanarudi kusema imepona."

Akanisomea tarakimu polepole, mbilimbili,
kama mtu anayehesabu chenji kiganjani mwa mtoto.

Raya tukamfuta. Rayah tukamtoa wadini.
Rayya tukamwandika upya, na namba yangu, na picha ya mlango.
Kwa Mahfudh neno la kufuta lilikuwa jekundu
na kidole changu kikagoma.
"Inachanganya wateja," Shumsa akasema, bila kunitazama.
Inachanganya, nikasema. Iache ichanganye.
Hakubisha. Akaomba chai.

Jana kaja mwanamke wa Sinaw na cherehani ya bibi yake,
kaifunga kwa shuka, kaipakia nyuma ya gari.
Kasema: nilipiga, akapokea Mhindi,
akaniambia nitie mafuta. Nikatia.
Haikupona.

Basi hiyo ni yangu, nikamwambia.
Shika upande ule, tuiingize ndani.